Kuni za Noeli Hupasuliwa Mwezi wa Sita

Ndugu msomaji, hasa wewe baba mwenye shoka na kihamba chako katika Rombo, twataka kukuuliza swali moja. Kuni za sikukuu ya Noeli utazikata lini? Huenda wajibu, "Ah! Noeli ingali mbali. Ikibaki wiki moja nitaangusha mgrevilea mmoja, na mambo yatakwisha." Basi keti kidogo uyasome maneno haya, na ukimaliza umsomee na jirani yako. Maana jibu hilo ndilo linalowatoa machozi akina mama wengi toka Mkuu mpaka Tarakea, wala machozi hayo si ya furaha ya sikukuu.

Sote twajua jinsi mambo yalivyo mwezi wa Desemba. Wana waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanapanda magari kurudi nyumbani. Nyumba yenye watu wanne yapata watu kumi na wanne. Ndizi za mbege zachemshwa saa nyingi, nyama yachemshwa, machalari yapikwa, na maji ya kuogea wageni yatiwa motoni alfajiri. Wakati huohuo mvua za vuli zingali zikinyesha. Mti ulioangushwa tarehe 18 waingia jikoni tarehe 23 ungali umejaa maji. Ndipo wamsikia mama akiita, huku akipangusa macho kwa upindo wa khanga, "Baba, kuni hizi hazikubali!" Kuni hazina kosa. Zimeitwa kazini kabla hazijawa tayari.

MAJI YALIYOJIFICHA

Mti ulio hai hunywa maji kwa mizizi yake, na maji hayo hujaa katika shina na matawi. Ukiukata leo, maji hayakimbii mara moja. Miti mingi, ikiwa mibichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Fikiri basi maana yake. Ukimwona mama amejitwika tita la kuni mbichi la kilo 20, ujue kichwani mwake mna kilo 10 hivi za kuni na lita 10 hivi za maji. Ni nusu ya ndoo kubwa! Naye amebeba maji yasiyonyweka, yasiyofaa kupikia wala kunawia mikono.

Je, maji hayo yakifika motoni yafanya nini? Sharti kwanza yageuke kuwa mvuke, ndipo ukuni ushike moto vizuri. Wengi hudhani kwamba kuchemsha maji na kuyakausha ni kazi moja. Sivyo. Jaribu mwenyewe. Tia lita moja ya maji baridi katika sufuria, uangalie saa mpaka yachemke. Kisha yaache yaendelee kuchemka kwa moto uleule mpaka sufuria iwe kavu kabisa. Utashangaa jinsi utakavyongoja! Kuyakausha maji kwataka joto karibu mara saba ya lile lililotumika kuyafikisha kwenye kuchemka. Basi mama apikaye kwa kuni mbichi ana vyungu viwili motoni. Kimoja ni cha maharage, nacho watoto wanakingoja. Cha pili kimejificha ndani ya kuni, na hapana mtu atakayekula kilichomo.

Tena hasara haiishii hapo. Ukuni ukipata joto hutoa hewa iwakayo, ndiyo ile tuionayo kama ndimi za moto. Sehemu kubwa ya joto la kuni imo katika hewa hiyo, wala si katika makaa peke yake. Lakini hewa hiyo haiwaki vema mpaka moto uwe mkali, kadiri ya nyuzi 600 hivi. Maji ya kuni mbichi huupoza moto, na hewa ile yaponyoka bila kuwaka. Ikiponyoka hivyo twaiitaje? Twaiita moshi. Ndiyo kusema, moshi ule mzito ni kuni ulizozikata, ukazibeba au ukazinunua kwa fedha yako, lakini hukuzitumia. Zimepita juu ya sufuria, zikaenda zake.

Huku kwetu mlimani twazidi kuumia, kwa sababu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, na maharage huchelewa kuiva kuliko kule pwani. Chakula kinachotaka muda mrefu chataka moto wa kuaminika. Kuni mbichi haziwezi kukupa moto huo.

KIFUA CHA MTOTO SI GUNZI LA MAHINDI

Wazee husema moshi nao una kazi yake. Ni kweli, moshi wa mafiga umelinda mahindi darini kwa muda wa vizazi vingi, wadudu wasiyale. Lakini kifua cha mtoto si gunzi la mahindi. Kinachomfukuza dudu darini chamdhuru pia mtoto aliye mgongoni mwa mama yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, yaani moshi wa kuni, wa mkaa, wa mafuta ya taa na wa vitu vingine vya kupikia. Katika hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Moshi huongeza hatari ya kichomi kwa watoto wadogo. Kwa watu wazima huleta maradhi ya mapafu na ya moyo, kiharusi, hata mtoto wa jicho.

Sasa tazama ni nani akaaye katika moshi huo. Baba yuko nje na wenzake. Jikoni yuko mama, na mtoto mchanga, na binti anayesaidia kumenya ndizi, na bibi kizee aotaye moto kwa sababu ya baridi ya mwezi wa Saba. Hao ndio wanaolipa deni la kuni mbichi. Na ukimwona mtoto mwenye kikohozi anapumua mbiombio, na mbavu zake zabonyea ndani kila avutapo pumzi, usingoje asubuhi wala dawa ya jirani. Mpeleke mara moja katika zahanati, au hapa Mkuu katika Hospitali ya Huruma.

Hatusemi kwamba kuni kavu hazina moshi. Zina moshi, lakini ni mdogo zaidi. Dirisha la jikoni lingali lina kazi yake, na dohani ina kazi yake. Tena, mtoto mchanga asiwekwe karibu na mafiga hata kuni zikiwa kavu namna gani.

Wenye jiko banifu la udongo au la matofali nao wasijidanganye. Jiko la namna hiyo lina mdomo mwembamba, nalo limetengenezwa kwa vipande vidogo vilivyokauka. Ukilitia kuni mbichi litakuonea haya siku mbili tatu, kisha litakataa. Moshi wenye maji ukipanda katika dohani hupoa na kuganda ukutani, mweusi kama lami. Dohani yaziba, na moshi warudi chumbani. Uchafu huo wenyewe siku moja waweza kushika moto. Hata Ulaya, ambako watu huota moto wa kuni wakati wa baridi, jambo hili limewasumbua. Nchini Uingereza, tangu mwezi wa Mei mwaka 2021, sheria yakataza kuuza kuni mbichi kwa mafungu madogo. Sharti maji yaliyomo yasizidi sehemu 20 katika 100. Ikiwa wao wenye dohani ndefu za matofali wameona lazima kufanya hivyo, sisi wenye mafiga matatu tusemeje?

MITI YETU SI YA KUCHEZEA

Zamani watu wa mlimani walipata kuni nyingi msituni. Mwaka 1941 serikali ya wakati ule ilitenga ukanda wenye upana wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu wa Kilimanjaro, ili wenyeji wapate humo kuni na mbao, na msitu wa juu usiguswe. Baadaye, mwaka 1973, ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi nao ukaunganishwa na Hifadhi hiyo. Ulinzi ukawa mkali zaidi. Na watu nao wameongezeka, na vihamba vimegawanywa kwa wana na kwa wajukuu.

Kwa hiyo leo kuni za nyumba nyingi zatoka kihambani mwenyewe: matawi ya mgrevilea, ya mringaringa, ya mparachichi, na mashina ya mibuni iliyozeeka. Wengine wana mikaratusi mpakani, na wengine hununua. Miti hiyo ndiyo kivuli cha kahawa yetu na migomba yetu. Mwenye kuchoma kuni mbichi hukata matawi mengi zaidi ili aivishe chungu kilekile. Kila mwaka kihamba chake chazidi kuwa cheupe, na jua lachoma mibuni. Mwenye kuchoma kuni kavu hukata machache. Basi jambo la kukausha kuni si la jiko tu, ni la shamba pia.

Upande wetu huu wa mashariki hupata mvua chache kuliko Kibosho na Machame. Ukavu huo watutesa kwa habari ya maji. Lakini kwa kukausha kuni, jua letu na upepo wetu ni mali tuliyopewa bure. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Tuchume basi!

FANYA HIVI

Kwanza, shika wakati. Masika yakiisha mwishoni mwa mwezi wa Tano, anza kukata na kupogoa mwezi wa Sita. Mwezi wa Saba na wa Nane kuna baridi na mawingu, kuni zitakauka polepole. Mwezi wa Tisa na wa Kumi jua na upepo vitazimaliza. Vuli ikinyesha, zako ziko tayari, nazo ndizo kuni za Noeli. Halafu kiangazi cha mwezi wa Kwanza na wa Pili ukate nyingine na kuzipasua nyembamba, ziwe za akiba ya masika.

Pili, pasua mapema. Gogo zima limevikwa ganda lake kama mtu aliyevaa koti la mvua, na maji hayatoki upesi. Laweza kulala mwaka mzima uani na ndani yake lingali bichi. Likipasuliwa, upepo waingia kila upande. Kata vipande vya urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole, au vifupi zaidi kama una jiko banifu. Unene usizidi kifundo cha mkono wa mtu mzima. Mkaratusi hasa upasue ungali mbichi, maana ukikauka utavunja mpini wa shoka lako. Kwa gogo lenye mafundo tumia kabari, wala usishindane nalo kwa nguvu.

Tatu, usizilaze chini. Udongo hurudisha unyevu katika kuni, na huku sehemu za chini za Rombo mchwa hawalali. Panga mawe mistari miwili, ulaze miti miwili juu yake, kisha panga kuni zako. Acha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande. Wengine husema nafasi iwe ya kumtosha panya kupita, lakini isimtoshe paka amfuatiaye. Ni kipimo kizuri.

Nne, funika juu tu. Bati chakavu latosha, au magome ya migomba yaliyopangwa vizuri. Pande zote ziachwe wazi. Anayeifunga rundo lake lote kwa turubai amezifungia kuni pamoja na maji yake, na atakuta ukungu. Weka rundo mahali pa jua na upepo, si chini ya migomba minene ambako hata nguo hazikauki.

Tano, kuwe na marundo mawili, moja la kutumiwa na moja la kungojea. La kungojea lisiguswe hata kidogo mpaka wakati wake. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu njaa ya jioni haina subira. Lakini ukiisha kuvuka mwaka wa kwanza, hutarudi nyuma tena.

Vipande vyembamba vilivyopigwa na upepo hukauka kwa muda wa miezi mitatu hadi sita. Vinene vyataka hata mwaka.

UTAJUAJE KWAMBA ZIMEKAUKA?

Tazama mwisho wa ukuni. Ukikauka wapasuka nyufa toka kiini kwenda nje, na ganda labanduka. Gonganisha vipande viwili. Vikavu vyalia "ko!" kama mwiko juu ya meza, lakini vibichi vyalia "pu!" bila mwangwi. Uinue ukuni, uone kama ni mwepesi kuliko ulivyoudhania. Motoni, ukuni mbichi hupiga kelele na kutoa povu mwishoni. Hayo ndiyo maji tuliyoyataja.

Ukitaka kuhakikisha, tumia mizani. Funga kipande kimoja alama ya uzi, ukipime kila mwezi kwa mizani ya kahawa au ya dukani. Tita lililokuwa kilo 10 siku ya kupasuliwa laweza kushuka mpaka kilo 6 hivi. Likiisha kukaa mwezi mzima bila kupungua, limekauka. Watoto wa shule waweza kuandika hesabu hiyo katika daftari. Watajifunza zaidi kuliko kwa maneno matupu.

JIKONI MWENYEWE

Mama, kuni kavu zataka nawe uzitumie kwa busara, maana huwaka upesi. Usizijaze zote pamoja mafigani. Tia vipande viwili vitatu, acha hewa ipite chini yake, na uvisogeze kadiri vinavyokwisha. Funika sufuria. Loweka maharage tangu usiku. Chakula kikiisha kuiva, vute vijinga nje, uvizime kwa majivu, navyo vitawasha moto wa kesho. Kwa kuwashia tumia magunzi, magamba makavu ya migomba au vijiti vya mibuni. Usitumie mifuko ya plastiki, kwa sababu moshi wake ni sumu. Wala usimwage mafuta ya taa juu ya makaa yenye moto. Wengi wameungua kwa njia hiyo.

Desturi ya kuweka kuni za siku mbili tatu darini juu ya mafiga ni nzuri, hasa wakati wa masika. Zinamalizia unyevu wa mwisho. Ila zisiwe karibu mno na ndimi za moto, na usizipange pembeni mwa jiko usiku ukaenda kulala.

KAZI HII NI YA NANI?

Twajua baba wengine watasema, "Kuni ni kazi ya wanawake." Haya, tuseme ukweli. Kuokota vijiti kila jioni na kulia katika moshi, kazi hiyo wameiacha kwa wanawake. Lakini kuangusha mti, kuukata magogo, kupiga kabari na kupanga rundo ni kazi ya mwenye shoka na mwenye kihamba. Mke wako hawezi kukata mgrevilea bila idhini yako. Ukikawia wewe, yeye hana budi kupika kwa kilicho kibichi. Siku tatu za jasho lako mwezi wa Sita zitamwondolea mke wako machozi ya miezi mingi, nawe utakula kwa wakati. Vijana nao wafundishwe kupasua na kupanga, maana mtoto wa kiume aliyeona rundo la baba yake atafanya vivyo hivyo nyumbani mwake.

Wengine watauliza, "Je, si twaambiwa tuache kuni, tupikie gesi?" Ndiyo. Mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ikitaka ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapikie nishati hiyo. Ni jambo jema, na mwenye uwezo asichelewe. Lakini wenye mtungi wa gesi wengi huchemshia chai tu. Maharage, pure na mbege vingali vinarudi kwenye kuni. Maadamu kuni zingali zinaingia jikoni mwako, ziingie kavu.

Basi, ndugu msomaji, ukiisha kusoma, toka nje ulizunguke rundo lako. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikilia "ko!" hongera, mkeo ana bahati. Vikilia "pu!" usikasirike wala usimlaumu mtu. Tafuta mawe, tafuta bati chakavu, lipe shoka lako makali, na upasue leo kilichopo. Kisha andika katika kalenda yako, kwenye ukurasa wa mwezi wa Sita: Kuni za Noeli.